Muuzaji Hajui Mguu Wako

Masomo: 1 Samweli 17:38–40, Marko 10:46–52

Ukienda kununua baiskeli ya mashindano, ile nyepesi ambayo bei yake ingenunua pikipiki mpya, usishangae ukikabidhiwa bila pedali. Fremu ipo, magurudumu yapo, gia na breki zimefungwa na kurekebishwa, lakini pale mguu unapopaswa kukanyaga pana matundu mawili tu. Ukinunua Black Mamba, ile nyeusi nzito ambayo wazazi wetu walisomeshea watoto, utapewa kila kitu: pedali, keria, kengele, stendi, hata kifuniko cha mnyororo. Ya bei ndogo inakuja kamili. Ya bei kubwa inakuja na pengo.

Mama mmoja wa ushirika wetu hapa Loresho alikutana na pengo hilo sebuleni kwake. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha nne, naye akatimiza ahadi ya siku nyingi. Boksi likafunguliwa nyumba nzima ikiwa imesimama pale, pedali zikatafutwa mpaka chini ya vipande vya boksi, hazikuonekana. Alitusimulia mwenyewe katika ushirika wa Jumatano kwamba wazo la kwanza lililomjia ni kuwa kuna mkono uliochomoa kitu njiani. Baba alikuwa ameshashika simu apige dukani. Kijana ndiye aliyewatuliza: “Mum, hizo hununuliwa kando.”

Wakavuka kwenda Kangemi kwa fundi. Fundi akaitazama baiskeli, akapitisha kidole kwenye yale matundu, kisha akauliza, “Ukiendesha unavaa viatu gani?” Mama akajibu haraka kwamba ni raba za kawaida. Fundi akamgeukia kwa heshima zote, akasema, “Pole mama, nilikuwa namuuliza huyu.”

Wapendwa, nimekaa na jibu hilo wiki nzima, na ndilo nililowaandalia.

Kwanza tuelewe kwa nini pengo lipo, maana kiwanda hakikuliacha kwa uchoyo. Kiatu cha mwendeshaji wa mashindano kina kipande kigumu chini ya soli, nacho hunasa kwenye pedali kwa springi. Kikishanasa, mguu hauponyoki hata barabara ikiwa na mashimo. Ukitaka kujitoa unazungusha kisigino kwa nje na mguu unaachiliwa. Wazo hilo lilitoka kwenye theluji. Kampuni ya Look ya mji wa Nevers, Ufaransa, ilikuwa ikitengeneza vifaa vya kushikilia viatu kwenye mbao za kutelezea thelujini, ili mtu akianguka mguu uachiliwe kabla haujavunjika. Mwaka 1984 ikauhamishia ujuzi huo kwenye baiskeli, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa na pedali hizo. Kabla ya hapo waendeshaji walizifunga nyayo zao kwa vizimba vya chuma na mikanda ya ngozi, na asiyewahi kulegeza mkanda alianguka pamoja na baiskeli yake. Mwaka 1990 Shimano ya Japani ikaleta namna yake, SPD, ambayo kipande chake ni kidogo na kimezama ndani ya soli, ili mtu aweze kushuka na kutembea kwenye matope. Wakafuata wengine. Leo ziko namna nyingi na kwa kawaida haziingiliani. Kiatu kilichotayarishwa kwa pedali ya Look hakinasi kwenye pedali ya SPD hata ukikanyaga kwa nguvu zote za ujana.

Anayenunua baiskeli ya daraja hilo kwa kawaida ana viatu vyake tayari, na mara nyingi hata pedali alizozizoea kwenye baiskeli ya zamani. Anazifungua kule, anazifunga huku. Kiwanda kikimwekea za namna moja, wengi watazivua siku hiyohiyo na kuzitupa kwenye droo, ilhali wamezilipia. Mtengenezaji anaweza kukisia urefu wa mgongo na wa mikono, ndiyo maana anauza fremu za saizi ndogo, ya kati na kubwa. Lakini mguu ni jambo jingine. Upana wa unyayo, goti linalouma likigeuzwa vibaya, nyonga iliyowahi kuvunjika, mguu mmoja uliozidi mwenzake urefu kidogo: hayo yote hukutana pale kwenye pedali, mara maelfu kwa saa. Kwa hiyo mtengenezaji anafanya kila analoweza kufanya vizuri, halafu anaishia pale asipojua. Mnaweza kuniambia ni hesabu ya biashara tu. Hata hivyo, kukubali kwamba usichokijua kuhusu mtu mwingine si chako kukijaza ni unyenyekevu, na sisi wa kanisani hatuna budi kuutamani.

Lakini mbona Black Mamba inakuja na pedali zake? Hapa ndipo naomba tusimame kidogo, maana mtu akilisoma neno hili kwa haraka ataligeuza kuwa kisingizio cha kutotoa.

Pedali ya Black Mamba ni pana, imevalishwa mpira, na inakubali mguu wowote: wenye gambuti, wenye ndara, wenye akala za tairi kuukuu, hata mguu mtupu. Imekusudiwa hivyo. Mwuza maziwa anayeshuka na madumu alfajiri, askari wa lango anayetoka zamu ya usiku huku kwetu akirudi Kangemi, wale vijana wa Busia walioanza kuvusha watu mpakani kwa baiskeli na kutuachia jina la boda boda, hao hawakuhitaji kuulizwa wanavaa nini. Walihitaji chombo kinachokwenda leo. Shirika la World Bicycle Relief, lililozaliwa mwaka 2005 baada ya ile tsunami ya Bahari Hindi, huunganishia baiskeli zake za Buffalo kule Kisumu, baiskeli za chuma kizito zenye keria ya kubeba kilo 100. Msichana anayetembea kilomita nyingi kwenda shule hapewi fremu akaambiwa akatafute pedali mwenyewe. Anapewa baiskeli iliyo tayari kupandwa siku hiyo.

Vivyo hivyo, kuna vipawa ambavyo ni lazima vije kamili. Mtume Yakobo aliwakemea vikali wale wanaomwombea mwenye njaa na mwenye baridi safari njema, wakamwacha aende mikono mitupu. Mtoto mwenye homa hapewi nusu ya dawa. Nyumba iliyosombwa na mafuriko haihitaji kikao cha kuuliza mapendeleo ya wenyewe. Inahitaji blanketi, unga, maji na mahali pakavu pa kulala usiku uleule. Mambo yanayomfanya mtu awe hai ni ya miguu yote. Tuyatoe yakiwa yamekamilika, tuyatoe bila maswali, na yeyote kati yetu aliyejificha nyuma ya hekima ya kusubiri huku jirani analala njaa ajue kwamba tafakari hii haimtetei.

Ninachokisema kinahusu vile vipawa vingine, vinavyomfungulia mtu njia ya maisha yake: karo ya chuo, mtaji, kazi, ufundi, imani yenyewe. Huko ndiko tunakokosea kwa wingi, na tunakosea kwa upendo, jambo linalofanya kosa liwe gumu kuliona.

Tunaishi Loresho. Wengi wetu tumezungukwa na nyua za kayaba na malango yanayofunguliwa na mtu mwingine. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapa pana Kibagare, mtaa uliobomolewa mwaka 1990, wenyewe wakarudi wakajenga tena kwa mabati na mbao. Upande wa pili kuna Kangemi, ambako Papa Fransisko alifika tarehe 27 Novemba 2015, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akazungumza juu ya hekima iliyomo ndani ya mitaa ya maskini. Mimi si Mkatoliki, lakini siku ile nilisikiliza kwa makini, kwa sababu aliyekuwa akizungumza angeweza kuanza na upungufu wa mitaa ile, na hakuanza nao. Alianza na kile watu wa pale wanacho na wanakijua.

Sisi hatuna kawaida hiyo. Tunashuka kila Desemba na magari yaliyojaa, na nasema kwa shukrani kwamba hakuna mwaka ambao mmekuja mikono mitupu. Ila nimeona cherehani zikikabidhiwa kina mama wanaouza mboga, ambao hawajawahi kusema popote kwamba wanataka kushona. Picha zikapigwa. Niliporudi baadaye nilizikuta zimesimama pembeni, zimefunikwa leso, juu yake pamepangwa sufuria. Hakuna aliyeziuza, kwa kuwa hawakutaka kutuvunjia heshima. Mmoja aliniambia, akitafuta maneno yasiyoumiza, kwamba alichokuwa akikihitaji ni mizani na mahali pa kuhifadhi sukuma wiki jua likiwa kali. Mizani! Bei yake haifikii hata robo ya bei ya cherehani. Hakuna aliyemuuliza.

Nimeona pia kijana aliyelipiwa karo ya chuo na mfadhili mwema sana, kozi ikiwa imechaguliwa na mfadhili. Kijana alisoma miaka yote, akafaulu, akashukuru mbele ya kanisa. Leo anafanya kazi isiyohusiana na cheti kile hata kidogo, na kila akikutana na mfadhili wake hapa Loresho anapita upande wa pili wa barabara. Hana ubaya wowote moyoni. Anaona haya tu kwamba hakutumia alichopewa. Tulimpa kitu kizuri, kisha tukakifanya kimpunguzie uhuru wa kutembea katika mtaa wake.

Tulisome basi lile somo la kwanza. Daudi yuko mbele ya Sauli, amejitolea kumkabili Goliathi. Sauli hakuwa na nia mbaya siku ile. Alimvika kijana mavazi yake mwenyewe ya vita, chapeo ya shaba kichwani, deraya mwilini, na upanga juu yake. Fikirini thamani yake! Hakuna aliyekuwa na silaha bora kuliko mfalme. Daudi akajaribu kutembea, akaona hawezi, kwa sababu hakuwa amezizoea. Akazivua. Akachukua fimbo yake, akachagua mawe laini matano kutoka kijitoni, na teo yake mkononi.

Tumezoea kumsifu Daudi hapa. Wiki hii namtazama Sauli. Maandiko hayasemi kwamba alikasirika zilipovuliwa. Hayasemi alimwambia Daudi kwamba hana shukrani, wala kwamba asipozivaa asiende. Makosa ya Sauli ni mengi na yatakuja kusimuliwa katika sura zinazofuata, wivu wake na mkuki wake. Lakini katika dakika ile moja alitenda vema: alimwacha kijana avue alichopewa, na akamwacha aende kwa mwendo wake. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kusimama palepale, deraya yetu ya bei ghali ikiwa chini kwenye vumbi, na bado tukamtakia mtu Bwana awe naye?

Nyumbani ni vigumu zaidi kuliko Kibagare. Mtoto tunamjua tangu alipokuwa tumboni; tunaamini mguu wake ni mguu wetu. Wazazi wa watoto wa Gredi ya 9 mnanielewa vizuri. Sasa mtoto anatakiwa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Nawaomba mjiulize, kila mmoja chumbani kwake: ni nani aliyechagua? Ninajua nyumba ambayo baba na mama walijadiliana hadi usiku wa manane juu ya mkondo wa binti yao, kwa upendo, kwa hesabu nzuri za kazi na mishahara, na binti alikuwa macho chumba cha pili akisikiliza. Hakuitwa.

Sisemi mtoto aachwe ajifanyie apendavyo. Baiskeli isiyo na pedali si rundo la vyuma. Fremu imechomelewa na mtu anayejua kazi yake, breki zimepimwa, magurudumu yamenyooshwa yasiyumbe. Mzazi anayemwachia mtoto kila kitu, hata nidhamu, hata sala, hata muda wa kulala, kwa jina la uhuru, huyo hajampa chochote cha kufungia pedali. Kazi yetu ni fremu, na ni kazi kubwa: kumfundisha kusema kweli, kumzoesha ibada, kumlipia shule, kumsimamia anapotaka kuacha kila kitu katikati. Hapo tusiwe wanyonge. Ila panapofika pale nafsi yake inapogusa maisha yake, pale atakapokanyaga kwa nguvu zake kila siku hata baada ya sisi kulala makaburini, tuache tundu wazi.

Imani nayo iko hivyo. Tunawabatiza watoto wetu, tunawaleta katekisimu, tunawapeleka kwa askofu kuwekewa mikono. Halafu wanafika chuoni na wengine hawaonekani tena kanisani, na wazazi mnakuja kwangu mkilia. Nalia pamoja nanyi. Lakini nimewauliza baadhi ya vijana hao, na walichoniambia ni kwamba hawakuwahi kuulizwa wao wanasali namna gani. Mmoja husali akitembea. Hawezi kusali akiwa amefumba macho. Mmoja anamsikia Mungu katika kuhudumia wagonjwa na hasikii kitu katika kwaya. Mmoja ana maswali juu ya mateso ya wasio na hatia, maswali ya Ayubu hasa, na kila alipoyatoa aliambiwa anyamaze asije akawakwaza wadogo. Hawakuikataa fremu. Walipewa pedali za mama na baba, wakakanyaga hadi magoti yakauma, wakashuka.

Sasa niwaeleze jambo moja la ufundi ambalo wengi hawalijui, na ambalo mimi limenifundisha uchungaji kuliko vitabu kadhaa nilivyosoma. Pedali mbili za baiskeli hazifungwi kwa kuzungushiwa upande mmoja. Ya kulia ina hesi za kawaida, unaikaza kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ya kushoto hesi zake zimekatwa kinyume, unaikaza kwa kurudisha mishale nyuma. Zinaandikwa R na L kwenye mhimili ili usikosee, kwa sababu kwa macho zinafanana kabisa. Kwa nini wakajisumbua hivyo? Mguu unapokanyaga, mzigo wake hauegemei upande mmoja wa tundu. Unalizunguka, na katika kuzunguka huko unausokota mhimili kidogo kidogo sana. Upande wa kulia msokoto huo unakaza hesi ya kawaida. Upande wa kushoto ungeifungua. Kama zote mbili zingekatwa namna moja, ya kushoto ingekuwa inalegea yenyewe kila ukipanda kilima, mpaka siku moja ikubakie mguuni katikati ya Waiyaki Way magari yakiwa nyuma yako.

Na asiyejua hayo akiilazimisha? Mhimili wa pedali ni wa chuma cha pua au chuma kigumu. Mkono wa krenki ambako pedali hufungwa, katika baiskeli nzuri, mara nyingi ni wa aluminiamu, metali laini. Ukiikaza ya kushoto kwa mwendo wa ya kulia, pedali haiumii. Kinachosagika ni mkono. Hesi zake zinalika, na baada ya hapo hata pedali sahihi haishiki tena. Mafundi wanasema kazi wanayoletewa mara nyingi baada ya sikukuu ni hiyo: baba mwenye nguvu, spana ndefu, na hamu ya kumwona mtoto akipanda leo.

Wazazi wenye watoto wawili mmeshanielewa. Mmoja ukimkemea anakaza mwendo, anaona umemthamini. Wa pili ukimkemea vilevile, kwa sauti ileile, anafunguka na kudondoka. Wamezaliwa na mama mmoja, wamekula sufuria moja, kwa macho wanafanana kabisa. Isaka na Rebeka nao walikuwa na mapacha, na tabia zao zilitofautiana. Ukiona umetumia nguvu nyingi na hakuna kinachoingia, simama. Usiongeze urefu wa spana. Rudi nyuma nusu mzunguko, uanze kwa vidole. Pedali inayofungwa upande wake sahihi huingia kwa vidole viwili mizunguko yote ya kwanza, kwa mafuta kidogo ya grisi, bila jasho. Spana inakuja mwishoni tu.

Si mbali na hapa, ukifuata Waiyaki Way kwenda magharibi hadi Kikuyu, katika kijiji cha Mai-a-Ihii, David Kinjah aliwafungulia vijana nyumba yake. Wengi mnamjua kwa sababu ya kijana mmoja tu, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza kuendesha pamoja naye, kisha akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Kinachonigusa zaidi ni hao wengine wa kundi lake la Safari Simbaz. Pale kijana hujifunza kuendesha na hujifunza kutengeneza. Wapo waliotoka pale wakawa washindani, wapo ambao mikono yao ilipenda spana kuliko miguu ilivyopenda mlima, wakawa mafundi. Kama kipimo kingekuwa ni kumtoa Froome wa pili, nyumba ile ingehesabiwa kuwa imeshindwa na karibu kila mtoto aliyepita mlangoni. Mimi naihesabu miongoni mwa huduma njema zilizofanyika upande huu wa jiji, na haikuwa na mimbari.

Nimalizie na Bartimayo. Ameketi kando ya njia ya Yeriko, kipofu, mwombaji, anapaza sauti na watu wanamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anaagiza aitwe. Yule anatupa vazi lake, anaruka, anakuja. Kila mtu aliye pale anaona shida yake ni nini. Hakuna haja ya daktari wala kamati. Na Bwana, anayejua yaliyomo mioyoni kabla hayajasemwa, anamuuliza anataka afanyiwe nini.

Nimeshasikia swali hilo likihubiriwa kama mtihani wa imani. Sidhani. Naona ni heshima. Maisha yote ya Bartimayo watu walikuwa wameshaamua anachotaka: sarafu, mkate, na anyamaze. Wengine walimtupia hata bila kusimama. Kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyemwita kwake, akamwachia nafasi aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Na alipokwisha kuponywa, Yesu hakumwambia amfuate. Alimwambia aende zake. Njia zote za Yeriko zilikuwa wazi kwake siku ile, na sasa alikuwa na macho ya kuziona. Marko anasema alimfuata Yesu njiani, na njia ile ilikuwa ya kupanda kwenda Yerusalemu, takriban mita elfu moja juu ya bonde la Yordani, kuelekea msalaba. Hakuna aliyemfunga kwenye njia hiyo. Aliichagua akiwa huru, na yumkini ndiyo maana Marko alilihifadhi jina lake, wakati wengi walioponywa hatujui waliitwa nani.

Kamati ya huduma imekaa na tumekubaliana mambo haya. Tarehe 3 Juni ni siku ya kuwakumbuka mashahidi wa Uganda waliouawa Namugongo mwaka 1886, na tangu 2018 Umoja wa Mataifa umeifanya pia Siku ya Baiskeli Duniani. Jumamosi inayotangulia tarehe hiyo tutakwenda Kibagare kwa miguu. Hatutabeba mifuko. Unga na dawa vitaendelea kupelekwa kila wiki kama kawaida, hilo halibadiliki. Safari hii tunakwenda kuketi na kuuliza, na wenye kuandika waje na daftari. Tafadhali msiwajibie. Ukiona mtu amekaa kimya muda mrefu kabla ya kusema, mwache akae.

Na kwa wale wenye baiskeli zilizolala stoo tangu watoto walipokua: zileteni uani mwa kanisa Jumamosi hiyohiyo asubuhi, hata zikiwa na upungufu. Zitakazofaa kwa kazi zitafungwa pedali pana na kutolewa zikiwa kamili. Zile nyingine tutaziacha wazi mpaka tukutane na watakaozipanda. Mwenye spana ya namba 15 aje nayo, na grisi.